Mkoba Usiojaa

Jumatano, baada ya isha

Na bado haujajaa. Leo jioni nimeingiza viatu vyote vya mezani kwangu sokoni, mwamvuli, turubai, hata kigoda, na mkoba wa marehemu bibi ukabaki mwepesi kama wa kwendea harusini.

Kilichoniudhi ni Mama Zuhura wa meza ya vitenge. Alikuwa amesimama na shangazi kaja lake, limejaa mpaka zipu haifungi, anatafuta wa kumtwisha. Mimi nipo hapo hapo pembeni yake. Akamwita muuza maji kutoka ng'ambo ya barabara!

"Si ungeniambia mimi?"

"Wewe siku hizi huna mzigo, mwenzangu. Ukinitwisha, mimi nitakutwisha nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Mzigo mzito hujitwishi mwenyewe, ndiyo maana kila jioni tulikuwa tunasubiriana, halafu tunaondoka pamoja mpaka Msimbazi tukiwasema wateja. Tangu niurithi mkoba huu natembea peke yangu. Nilidhani nimepumzika. Kumbe...

Sasa hivi nimeumwaga wote sakafuni. Viatu nimevijaza kwenye shangazi kaja langu la zamani, nikaongeza na jiwe la kusagia, basi tu. Nimejaribu kujitwisha, nimeshindwa.

Asubuhi itabidi nimgongee jirani wa chumba cha pili anitwishe. Mwaka mzima tunapishana koridoni, na hata jina lake silijui.