Nilimvisha Sindano Maneno Yasiyo Yake

Chumba cha ghorofani, nyuma ya posta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, na tafadhali usiirudishe barua hii kabla hujamaliza kusoma. Goti lako linaendeleaje? Najua kule kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali mnasimama kutwa, na wewe huwezi kuketi wenzako wakiwa wamesimama. Sisi huku wazima wa mwili. Mke wangu anakusalimu. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anapiga mluzi hata asipotaka.

Ningekupigia, lakini siku hizi hupokei simu ya mtu yeyote wa nyumba hii, na sikulaumu. Tena haya ninayotaka kusema, mtoto wa kiume hamwambii mama yake mdogo huku anasikia anavyopumua.

Kazi yangu ya chuoni nilikuwa nakueleza kwa mkato, kwamba naandika mambo ya vijana. Ukweli ni kwamba Profesa wetu anafanya utafiti kuhusu mapenzi, uchumba na mambo ya chumbani: nani anamtamani nani, nani anaogopa nini, mwanamume na mwanamke wanadhani wanatakiwa wawe vipi. Vijana huhojiwa na dada wawili wapole, mlango umefungwa. Mimi navaa hedifoni, nasikiliza rekodi na kuandika neno kwa neno. Wiki za kwanza nilikuwa natoka ofisini masikio yananiwaka kwa haya. Profesa husema mficha uchi hazai. Mimi nikawa najisemea moyoni, sawa, lakini si lazima auoneshe mbele ya mchapaji.

Sheria yetu kubwa ni kumficha msemaji. Maneno yake hayaguswi, ila jina, kazi, nyumba na jamaa zake nabadilisha, naweka vya kubuni. Sasa mimi kubuni sikujaliwa. Ijumaa moja nilimsikiliza binti aliyesema, "Mchumba wangu nampenda akiwa upande wa pili wa meza. Akivuka meza natamani kukimbia. Sijawahi kumtamani mwanamume yeyote, na harusi nimeikubali kwa sababu mama anafurahi." Nilitakiwa kumpa kazi na nyumba ya uongo, na mimi nilitaka kwenda zangu. Nikachukua vilivyokuwa karibu. Nikamfanya fundi wa magauni ya maharusi, anashona kwa mkono wa kushoto, anakaa juu ya duka la rangi na misumari, mama yake yuko mbali anafua mashuka.

Ndiyo, Mama Mdogo. Nilimficha mtoto wa watu kwa kumwanika mwanao Sindano.

Nilidhani yataishia kwenye kabati la Profesa. Siku ya kutangaza matokeo ya utafiti, ukumbi ulijaa wauguzi na walimu, na Profesa akakisoma kipande hicho kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma nikipanga viti. Safu ya tatu alikuwa ameketi yule mkunga, shangazi yake mchumba wa Sindano. Niliona kichwa chake kikiinuka Profesa alipotaja mkono wa kushoto. Profesa alipofika kwenye duka la misumari, mkunga alikuwa ameshatoa simu mkobani. Ningeweza kupaza sauti pale pale nikasema huyo siye. Nikaogopa kibarua changu, nikaendelea kupanga viti. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Yaliyofuata unayajua, maneno yalikufikia hata huko. Ulimwambia Sindano amekuvua nguo mbele za watu, ukakata simu. Mama Mdogo, Sindano hajawahi kukanyaga chuoni, na hajahojiwa na mtu. Aliyekuvua nguo ni mimi, niliyeshikwa mkono na wewe siku ya kwanza ya shule, nikalia njia nzima na wewe usinicheke.

Profesa nimemweleza. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alivua miwani akaniuliza kama kuna wengine niliowavisha jamaa zangu. Ikabidi nikiri kwamba Mjomba nimemfanya mlevi mara mbili. Sasa nimeondolewa kwenye rekodi mpaka kamati ya maadili ikae, na ikinifukuza sitabisha.

Kisha nikaenda kwa Sindano. Nilimkuta anatia lesi kwenye gauni la mtu. Nilimwambia yote, nikamwahidi kukuandikia kwamba maneno yale hayamhusu hata chembe. Alishona mpaka mwisho wa pindo ndipo akanitazama.

"Kaka, mwandikie kwamba sikwenda kusema," akaniambia. "Hiyo ni kweli. Lakini usimwandikie kwamba mimi siko hivyo."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza nikuandikie nini basi.

"Hivyo hivyo nilivyosema. Mengine nitamwambia mwenyewe, akipokea simu."

Miezi yote hii nimesikiliza watoto wa wenzetu mpaka kikohozi chao nakijua, na dada yangu ninayekunywa naye chai kila Jumapili sikumsikia. Mchumba wake naye alikwishakuja. Walizungumza wawili wakaagana vizuri, na mimi sikuuliza zaidi. Umbea wangu umetosha.

Sikuombi unisamehe leo. Hilo nitakuja kulipigia magoti mwenyewe. Wala sikuombi ukubaliane naye. Yeye haogopi maneno ya mkunga wala ya ukumbi mzima. Anaogopa kwamba utakata tena kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Msalimie sana Baba Mdogo, na yule jirani yako mpishi mwenye vichekesho. Mungu akulinde na mvuke wa zile mashine, akulipe usingizi niliokunyang'anya.

Simu ikilia Jumamosi mchana, ni yeye. Mwache aseme mpaka mwisho.

Mwanao anayekupenda na asiye na uso wa kukutazama,
Mtoto wa dada yako.