Nyumba Isiyopitisha Upepo

Karibu na Fort Worth, 17 Januari 2021

Mama yangu mpendwa,

Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inawakuta wewe na Christelle mkiwa wazima, na magoti yako yametulia. Sisi ni wazima, ila mikono imechubuka.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Simu zetu zimefungiwa ofisini mpaka mwisho wa Machi. Ndiyo masharti ya hawa watu wa makumbusho: familia ya leo iishi kwenye nyumba ya mwaka 1890, enzi ya Malkia Viktoria wa Waingereza, huku kamera zikituangalia. Tangu korona imtoe baba watoto, Tharcisse, kazini kule ghalani, hakuna mwingine aliyetupa nyumba na mshahara kwa mpigo.

Ungecheka, mama. Jumatatu yote ni kufua kwa ubao, Jumanne yote ni kupiga pasi za chuma zinazopashwa jikoni. Juzi wapiga picha waliniomba nishangae nilipopewa kipande cha sabuni. Mimi niliyefua kambini Nyarugusu tangu utoto. Nikashangaa, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kinachonitesa ni gauni: wananifunga kiuno kwa kamba mpaka siwezi kuinama kuokota kijiko. Mjukuu wako Heritier ndiye anayemwaga vyombo vya mikojo asubuhi, kisha anarudi kulala. Kijana wa umri wake bila simu ni kama mgonjwa.

Nammiss Christelle kuliko nilivyotegemea. Hawachukui mtoto wa chini ya miaka mitano, na kwa kifua chake kile nisingemleta kwenye moshi huu. Usisahau mashine yake ya dawa jioni. Mwambie mama anakuja akimaliza kuigiza.

Mwanao,
Sandrine


Sharpstown, Houston, 25 Januari 2021

Binti yangu Sandrine,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tuko, Mungu hajatutupa. Christelle anakula vizuri. Akicheza sana kifua kinapiga filimbi, lakini akivuta dawa kinatulia.

Nilipomsomea barua yako Prudensia, yule Mtanzania wa nyumba ya chini, alicheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka sana. Nilikubeba mgongoni kutoka kwetu Fizi mpaka ng'ambo ya ziwa tukikimbia vita, ili siku moja upumzike na ndoo, leo unalipwa kuibeba. Wazungu wanatamani shida ambayo hawakuionja. Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama kiuno kimefungwa kamba.

Mwambie Tharcisse ile mbabula, jiko la mkaa aliyonitengenezea kwa rimu ya gari, ni dawa. Naiwasha barazani kwangu huku juu, natia makala, huo mkaa wa dukani, na maharage yanaiva kama ya kwetu. Meneja wa nyumba alinifokea kwa ajili ya moshi. Nikamjibu kwa Kibembe chetu, akaondoka.

Christelle anauliza kama umekuwa malkia. Nimemwambia malkia hafui. Akasema, basi wewe koko, bibi yangu, nenda ukamsaidie mama. Mtoto huyu ana mdomo wako.

Mama yako


Karibu na Fort Worth, 12 Februari 2021

Mama yangu,

Shalom. Hamjambo? Sisi hatujambo, ila baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Maji ya kunawia yanaamka na ganda la barafu.

Nina neno moja, nisikilize. Jana nilichota makaa mekundu jikoni nikayatia kwenye beseni la chuma, nimpelekee Heritier chumbani, kama ulivyokuwa unatuwekea mbabula miguuni pa kitanda kule kambini. Mzee Sheldon, anayetufundisha maisha ya zamani, alinishika mkono. Alikasirika kweli, hata akawaambia wapiga picha wazime. Alisema makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa isiyo na harufu, na hiyo hewa inaua watu wakiwa wamelala. Nikamwambia sisi tulilala nayo miaka. Akaniuliza nyumba yetu ilikuwaje. Nikamweleza: udongo, turubai juu, na nafasi kati ya ukuta na paa. Akasema, basi aliyewalinda ni upepo.

Sijapata raha tangu hapo. Mama, hiyo mbabula isivuke mlango wa baraza hata siku moja. Nyumba za huku zimezibwa kila upande, hazipitishi upepo.

Nilitaka kuomba simu nikuambie kwa mdomo, lakini simu hutolewa mtu akiugua tu, nikaona aibu kung'ang'ania. Houston hakuna baridi ya kukufanya uiingize ndani. Nimeandika ili moyo wangu utulie. Mbusu Christelle.

Mwanao,
Sandrine


Sharpstown, Houston, 16 Februari 2021

Binti yangu,

Amani ya Bwana. Sijui barua hii itatoka lini, maana posta haipiti na barabara imekuwa kioo. Umeme ulikatika jana na haujarudi. Bomba limeganda. Simu imezimika. Sasa sisi ndio watu wa enzi ya malkia wako, tena hakuna anayetulipa.

Barua kutoka kwako sijapata tangu ile ya kwanza. Nadhani nanyi mmefunikwa na barafu.

Prudensia alikuja kutuita tukakae kwenye gari lake lenye joto. Ana watoto watatu na mume mle ndani. Nikamshukuru, nikakataa, mtu usimbane mwenzio. Lakini Christelle alianza kutetemeka, na mashine ya dawa haifanyi kazi bila umeme. Nikaona nisimame kama mzazi. Nimewasha makala barazani, nikangoja moshi wote uishe, kwa sababu moshi ndio adui wa kifua chake. Yalipokuwa mekundu safi, nikaingiza mbabula chumbani. Chini ya mlango nimeziba kwa blanketi, dirishani kwa mifuko.

Sasa kuna joto mpaka nimevua koti. Mtoto ameacha kutetemeka na amelala mara moja, bila hata kuomba hadithi. Usiwe na wasiwasi. Nimelea watoto sita kwenye baridi ya Nyarugusu, na hakuna niliyempoteza. Kichwa kinanigonga kidogo, ni njaa, nami nalala sasa.

Mama yako


Lewisville, 9 Machi 2021

Mama,

Natumaini unaendelea kupata nafuu, na miguu imeanza kukubali kutembea. Prudensia ananiambia unakula kidogo. Kula.

Barua yako ya tarehe kumi na sita, ambayo Prudensia aliiokota kwako akaituma, ilinifikia baada ya kumzika Christelle. Yangu ya tarehe kumi na mbili, Prudensia anasema aliikuta kwenye sanduku lako barafu ilipoyeyuka, siku tatu baada ya yeye na mumewe kuvunja mlango wako.

Watu wa kanisa waliotupokea hapa wanataka nikuandikie kwamba nimekusamehe. Sijui nisamehe nini. Ulimfanyia ulivyonifanyia mimi, na mimi niliamka. Kama nisingekutana na yule mzee, ningekuwa hapo nakusaidia kuziba dirisha. Hilo nalijua kwa akili. Moyo haujafika huko. Kuna saa nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma, na saa nyingine nakuhurumia tu.

Tharcisse alikwenda Houston akaichukua mbabula, akaikata vipande vipande. Alikuwa anajivunia ile kazi ya mikono yake. Tangu hapo anakaa tu. Heritier anawasha taa za nyumba nzima mchana kweupe, na hakuna anayemkataza. Wale wa makumbusho wametuacha tuondoke kabla ya muda, wameturudishia simu, wakasema wanasikitika.

Umemtuma Prudensia aulize kama uje kwenye kuvunja matanga. Usije kwanza, mama. Hakuna atakayekutukana, nimewakataza wote. Ni mimi. Naogopa nitakachosema nikikuona, na naogopa zaidi kwamba nitakukumbatia na kumsahau mwanangu kwa dakika hiyo.

Naona jina lako kwenye simu kila asubuhi. Naishika mkononi mpaka inyamaze. Siwezi kupokea bado. Lakini usiache kupiga.

Mwanao,
Sandrine