Mjomba Ajifunza Kunong'ona

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Si kazi hasa, ni kibarua tu. Karani wa kituo cha polisi yuko likizo ya uzazi, na Mjomba, ambaye ni sajenti pale, alimwambia mkuu wa kituo kwamba ana mpwa wake amemaliza shule juzijuzi, anachapa haraka na haongei. Mkuu akasema kutoongea ndiyo sifa aliyoitafuta siku zote.

Kazi yenyewe ni kuandika maombi ya ruzuku. Kuna shirika linavipa vituo fedha za vifaa vya kutuliza watu bila kuwaua: ngao, kofia ngumu, dawa ya pilipili ya kupuliza. Na mafunzo, ili askari atumie maneno kabla ya mkono. Hapa kituoni kuna rungu na kuna bunduki. Katikati hakuna kitu.

Nilisalimia kila mtu. Hakuna aliyesikia. Mtunza stoo ya silaha, koplo mmoja mwanamke mwenye utani mwingi, keshanibandika jina. Mnong'ono!

Jumanne, 4 Machi

Mkuu anatamka, mimi nachapa. Swali la kwanza: elezeni mnavyotumia nguvu kwa sasa.

"Andika hatutumii nguvu."

Nikachapa. Swali la pili: kwa nini mnahitaji vifaa hivi?

"Andika hali ni mbaya sana, inatisha."

Nikachapa. Kisha nikabaki nimeikodolea macho kompyuta, masikio yanawaka. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba majibu haya mawili yanagombana.

"Nini? Fungua mdomo, binti, mimi si daktari wa meno!"

Koplo akanisemea kutoka mlangoni: "Anasema majibu yanagombana, Mkuu!"

"Basi yaamueni! Si mko kituo cha polisi?"

Koplo akasema tuandike kweli tupu, kwani mficha uchi hazai. Mbele ya Mkuu! Niliinama nikajifanya natafuta kalamu.

Kwenye vifaa, Mkuu anataka televisheni iwemo. Kubwa. Eti nayo ni kifaa cha kutuliza. Koplo akauliza inamtuliza nani. "Mimi," akasema Mkuu, wala hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilimuuliza Mjomba niandike nini kuhusu ile siku ya sokoni.

Mji mzima unaijua. Mwaka jana watu waligombania vibanda, mawe yakaanza kuruka, Mjomba akafyatua risasi moja hewani. Risasi ikapanda, ikachoka, ikashuka. Ikatoboa paa la fundi cherehani na gauni la bibi harusi lililotundikwa pale. Fundi mwenyewe alikuwa ameinama anaokota kifungo. Basi imekuwa kichekesho. Bibi harusi aliolewa na ua la kitambaa juu ya tundu, na fundi anawaonyesha wateja lile la paani kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Mjomba naye hucheka wakicheka. Ila hapiti tena mtaa ule. Akitumwa huko anazunguka hadi kwenye mashine za kusaga ndipo arudi.

Akaniambia, kwa ile sauti yake inayotikisa madirisha: "Andika ilivyokuwa. Andika na hili: kifungo kisingeanguka, je?" Kisha akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Nimeandika. Mkuu akisoma atayafuta, lakini nimeandika. Sasa najua ninachokiomba. Naomba Mjomba asishike tena bunduki mbele ya watu wenye hasira kwa sababu tu hana kingine.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu hakuyafuta ya sokoni! Nadhani hakusoma, yakatumwa hivyohivyo. Tumo kwenye vituo vilivyopita mchujo! Wakaguzi wa shirika watakuja wiki ijayo, na wametutangulizia kijitabu cha mazoezi. Kinasema: simama upande, mikono wazi, sauti ya chini. Mrudishie mtu alichosema ili ajue umemsikia.

Mkuu kamteua Mjomba awe mfano wa kituo. Mimi nikateuliwa kuwa raia mwenye hasira. Mimi!

Askari wote wamepanga mstari uani. Mjomba kanyoosha mikono. Nikasema: "Nimekasirika."

"Hatujasikia!" mstari mzima.

Nikarudia. Mjomba akanong'ona, "Nasikia umekasirika," na njiwa wote wakaruka kutoka paani. Huo ndio mnong'ono wake. Alipoushusha zaidi ikawa mbaya zaidi, kama simba anayekuomba radhi kabla hajakula. Koplo akasema, afande, ukiongea hivyo mimi nakiri hata makosa ya jirani.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya aibu na ya kucheka mpaka mbavu ziume.

Mama alimletea kaka yake chakula, akatukuta tunafanya mazoezi. Koplo akamwambia raia wetu hana hasira, wifi, hebu tukopeshe zako. (Anamwita wifi kwa utani tu. Mjomba hana habari. Au anayo.)

Mama akaweka chini sufuria. Akaanza: "Wewe! Tangu mvua za kwanza hujakanyaga kwa mama!"

Mjomba, mikono wazi: "Nasikia unasema sijaenda kwa mama."

"Kumbe unajua!"

"Nasikia umekasirika."

"Bado! Hujaniona nikikasirika! Mama anauliza kila siku, nami kazi yangu kukutungia uongo. Mara yuko doria, mara yuko kozi!"

Askari wakiandika madokezo, wallahi. Mjomba akapekua kijitabu kutafuta ukurasa. Hakuna ukurasa wa dada. Mwishowe akasema, polepole, si kwa kijitabu tena: "Dada, naona haya kwenda. Mama ataniuliza ya sokoni."

Sauti yake ilikuwa ya chini kweli, wala hakuna njiwa aliyeruka. Mama akaokota sufuria, akampa, akasema kitapoa.

Jumanne, 18 Machi

Wageni kesho. Tumepaka chokaa mpaka mawe. Mkuu akatazama zile pikipiki zilizokamatwa, zimelundikana uani zikingoja kesi za wenyewe, akasema kituo kinafanana na jaa. Akaagiza lori, zipelekwe ghalani nyuma ya mnada mpaka wageni waondoke.

Nilimwambia Mkuu kwamba vijana wakiona pikipiki zao juu ya lori linaloelekea mnadani watadhani zinauzwa. Nilimwambia kweli! Lori lilikuwa linaunguruma. Akanijibu, "Ahsante, na wewe pia."

Jumatano, 19 Machi

Naandika chooni.

Wageni walifika asubuhi: mama mmoja wa miwani, mpole, na bwana mrefu anayeandika kila kitu. Walikunywa chai. Walisifu chokaa. Mama wa miwani alikuwa na karatasi zangu mkononi, akauliza nani aliandika habari ya kifungo. Mkuu akasema, kifungo gani?

Ndipo tukasikia kelele getini. Vijana wa pikipiki. Wote, naona, na shemeji zao na marafiki zao. Wanataka vyombo vyao, polisi wezi, leo ni leo. Jiwe likagonga kibao cha kituo.

Bwana mrefu akaenda dirishani, akatabasamu. Akasema mazoezi yenu yana uhalisia mkubwa.

Mkuu alifungua mdomo. Nikamwona anachagua. Akasema: "Ndiyo. Ni onyesho tumewaandalia."

Onyesho! Jiwe la pili likavunja kioo cha chumba cha mapokezi, na bwana mrefu akaandika. Mama wa miwani akauliza kioo kinalipwa na nani.

Mjomba alikuwa ameshatoka. Peke yake, bila rungu, mikono wazi, kama kijitabu kinavyosema. Kutoka dirishani nilimwona akisimama upande. Midomo yake inacheza lakini sauti haifiki kwetu. Mjomba! Sauti haifiki!

Waliokuwa nyuma wakazidi kusukuma geti. Bawaba moja ikang'oka. Mkuu, huku anawatabasamia wageni, akamwinamia koplo na kusema bila kusogeza midomo: fungua stoo, mpelekee sajenti silaha. Nilikuwa katikati yao na sahani ya biskuti. Koplo akanitazama. Kisha akaanza kuutafuta ufunguo. Kwenye droo. Chini ya faili. Mfukoni. Ufunguo unaning'inia kwa kamba shingoni mwake, watu wote wanauona.

Hawezi kuutafuta mpaka jioni.

Na risasi ikilia, hawa wageni wawili watapiga makofi.

Mama wa miwani akanigeukia. "Binti, umenyamaza sana. Hawa waigizaji mmewatoa wapi?" Mkuu akanikazia macho, yale ya kusema ruzuku yote imo mdomoni mwako. Na kweli imo. Nikisema fujo ni ya kweli, Mkuu hatathubutu kutoa bunduki, ila tutakuwa kituo kilichosema uongo mbele ya wakaguzi. Ngao hazitakuja, wala mafunzo. Nikinyamaza zitakuja, lakini Mjomba atapelekewa bunduki sasa hivi.

Nikasema naomba nikajisaidie. Nikatoka na sahani yangu.

Hapa kuna kidirisha kidogo juu. Namsikia Mjomba kwa mbali: "Nasikia unasema zimeuzwa... Nani kakwambia?... Sogea tuongee." Walio mbele wanawaambia walio nyuma nyamazeni, hatumsikii afande! Wengine wamenyamaza. Wengine bado. Jiwe jingine.

Kuna kioo juu ya sinki. Nimejaribu: "Si maigizo." Ikatoka kama kawaida yangu, hata mbu asingegeuka.

Mara ya pili ikatoka kidogo.

Mara ya tatu sijui nini kilinipata. Nilimwona tu akilini koplo akivuta ile kamba ya ufunguo shingoni. Nikapiga kelele: "SI MAIGIZO!" Sahani ikaanguka.

Kisha viatu koridoni, na sauti ya mama wa miwani, karibu kabisa na mlango: "Si nini, mwanangu?"

Anagonga. Nafungua.