Mama Amerudishwa Ijumbi

Shuleni, Bukoba
17 Januari 1954

Kaka yangu mpendwa Datius,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba homa iliyokushika wakati wa Noeli imekuachia, na kwamba kazi yako ya kupima kahawa huko Muleba inakwenda vema. Mimi mwilini sijambo. Tumefungua shule juzi, nami nimepewa kitanda karibu na dirisha.

Hukuja nyumbani likizo hii, kwa hiyo habari za Mama umezisikia kwa Shangazi Kokugonza peke yake. Naomba usikie na zangu.

Unakumbuka Mama alivyobeba mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Sasa mgongo huo umepinda, na mikono imekonda hata bangili yake ya shaba inafika kiwikoni akiinua mkono. Akilima karanga kule rweya, kwenye nyasi, hupumzika kila mara. Shangazi alipomkuta ameketi alimwuliza kama shamba la Baba lina miiba inayochoma watu wanaosimama tu. Mama alicheka. Baba hakucheka, alisema amechoka kulisha mgeni.

Siku tatu kabla ya Noeli tulikwenda kukata nyasi za kutandika sakafuni. Tuliporudi, Mama aliteleza mlangoni akiwa na mzigo mdogo kuliko wangu. Hakuanguka kwa kishindo, aliketi tu, lakini mkono ulitangulia ukavunjika. Jirani yetu Mwijage alimpakia kwenye baiskeli, nikafuata kwa miguu hadi hospitali ya Rubya.

Sista aliyemfunga mkono aliniita kando kwa kuwa nasoma. Alinieleza jambo ambalo naona haya kumwandikia mwanamume, lakini wewe ni kaka yangu. Alisema kwamba siku za mwanamke zikikoma, mifupa yake huanza kupungua kwa ndani, mwenyewe asijue, na nyama za mwili nazo hupungua. Kwa wengine hupungua sana. Alisema si uvivu wala laana. Mama apewe maziwa, samaki, mayai na maharage, tena atembee, asiachwe kitandani.

Nilirudi na maneno hayo, na hakuna aliyeyapokea. Shangazi alikuwa amekwisha kuona maganda ya mayai chini ya majani ya migomba nyuma ya jiko. Wajua kwetu mwanamke hali yai. Aliwaita wazee wa ukoo, akayavunja maganda mbele yao, akasema anayekula mwiko mifupa yake huwa hivyo. Mzee Ishengoma alisema hajapata kuona ushahidi ulio wazi namna ile. Baba alimwuliza Mama kama alikula. Alijibu kwamba alikula. Alimwuliza nani alimpa. Alijibu kwamba alijichukulia mwenyewe. Kesho yake, mkono ukiwa bado kwenye vibao, alirudishwa Ijumbi kwa Mjomba. Nao wanasema wewe ulituma neno kwamba Baba afanye aonavyo.

Kaka, Mama hakujichukulia. Mayai nilimpikia mimi, tangu siku ya kwanza ya likizo, kwa sababu mwalimu wetu wa mapishi alitufundisha kwamba yanawafaa wadhaifu. Mama alikataa, akaniuliza kama shuleni tunafundishwa na kuyataga. Nilimsihi mpaka akala, ameupa mlango mgongo. Na siku ile ya wazee nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza, kwani Baba alikuwa ameapa kwamba shule ikinifundisha kuvunja miko atanitoa. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akatazama pembeni. Yeye akaenda Ijumbi, mimi nikaja shule.

Baba hajui kusoma, nawe ndiye unayemsomea barua zetu. Wazee watakutana tena Jumapili ya kwanza ya Februari kuamua kama Mama atarudi. Nenda ukawasomee hii yote, hata pale penye mambo ya wanawake, usiruke neno. Nikitolewa shule nitakwenda Ijumbi kumchotea Mama maji, wala sitalalamika. Lakini namjua Baba. Kabla ya kukasirika hunyamaza kidogo. Hapo ndipo nakuomba useme.

Msalimie sana shemeji Immakulata, umbusu na mtoto. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Joviana