Nilimpa Bibi Alama za Friji Mbovu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana roho inanisuta mpaka chakula hakipiti. Mimi ni karani wa dodoso, natumwa nyumba kwa nyumba kupima hali za wazee ili wenye dhiki zaidi wapewe chakula cha mchana kwenye ukumbi wa mtaa, na mwezi uliopita nilifika kwa bibi mmoja mjane, fundi cherehani wa zamani, yeye ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule, akafurahi kuniona, akafungua friji akatoa kitambaa cha kunifutia kiti, na humo ndani, mshauri, hamkuwa na chakula hata chembe, ni mashuka na nguo zilizokunjwa vizuri, friji ilishakufa siku nyingi ameifanya kabati, lakini fomu inauliza tu kama friji ipo, nami nilikuwa na nyumba kumi na nne za kumaliza siku hiyo, nikatia tiki. Nikamuuliza kama jana alikula asubuhi, akajibu, "Tumekula, mjukuu wangu." Mchana? Tumekula. Jioni? Tumekula, tumeshiba. Anaishi peke yake, na jirani alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, nami nikaandika milo mitatu.

Friji na milo mitatu vikampa alama za mtu mwenye nafuu, zikamtoa kwenye orodha. Juzi nimemkuta nje ya ukumbi, amekonda, bakuli kalificha chini ya mtandio, mlinzi anamwambia jina lake halimo. Hakubisha. Alisema, "Basi, watakuwa wapo wenye shida kunizidi." Kisha akaniona, akanishukuru kwa kumtembelea siku ile, nami nikajifanya naitwa ndani. Najuta sana. Nikimwambia msimamizi, fomu zangu zote zitafukuliwa na kazi itaota mbawa. Nikinyamaza, orodha mpya ni mwakani. Nifanyeje?

Karani wa Dodoso

*

Karani, pole, ila sikupi pole nyingi. Friji uliiona ilivyo, ukaandika usichokiona. Na ile "tumekula" ilikuwa ya masikio ya jirani, si jibu la fomu yako. Mtu mzima aliyejitegemea maisha yake yote hawezi kutaja njaa mbele ya watu, tena kwa mtoto aliyemshonea sare. Unalijua hilo, usijitie hamnazo.

Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi na fomu ya bibi mkononi, mweleze ulichoona na ulichoandika, uombe apimwe upya. Kisha urudi nyumba zote kumi na nne ulizozikimbiza siku ile. Usimuulize mzee kama amekula. Mwombe jirani awapishe, kaa kitako, uliza mara ya mwisho alipika lini, alipika nini, na kila kifaa uulize kama kinafanya kazi. Kesho hiyo hiyo mpelekee bibi chakula, ule naye, na umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe.

Unaogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa kweli, na itakuuma. Lakini wewe kazi utatafuta nyingine. Yeye hiyo mwakani unayomwekea huenda asiione.