Kamba ya Kupimia Baiskeli ya Yaya

Liège, Jumapili baada ya misa

Yaya Kazadi, kaka yangu mkubwa,

Nakupa mkono kutoka mbali, mikono miwili kama tulivyofundishwa kumpa mkubwa. Mmeamkaje hapo Kamina? Kikohozi cha shemeji Numbi kimeondoka na vumbi la kiangazi, au bado kinamsumbua? Na wewe mwenyewe, ungali unakwenda stesheni kila asubuhi kuangalia kama treni imefika, hata siku unazojua haiji? Mimi ni mzima. Magoti yananikumbusha umri wangu ninapopanda ngazi, na huku ngazi ni nyingi kuliko watu. Lakini ninakula, ninasoma, ninapata usingizi.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara ya mwisho binti yako Kapinga alipokuwekea simu sikioni, ulimrudishia kabla sijamaliza salamu, nami nikakusikia ukisema, "Mwambie minyi ningali muzima. Sanduku atafutie mwingine." Ya pili ni hicho kifurushi kidogo kilichomo ndani ya bahasha. Usikifungue bado. Soma kwanza.

Niruhusu nikueleze jambo lenyewe tangu mwanzo, maana liliharibika njiani, na aliyeliharibu ni mimi.

Nyuma ya kanisa ninalosali kuna fundi anayeitwa Pieter. Anatengeneza fremu za baiskeli za mbio, kwa chuma na kwa mkono, moja moja, kila moja kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Ukimwomba akuuzie iliyo tayari atakuonyesha mlango. Niliingia kwake kujikinga mvua. Mabomba ya chuma yalikuwa yananing'inia ukutani, membamba kama mabua ya mtama, naye alikuwa analigonga moja kwa ukucha na kusikiliza. Sauti ile, Yaya! Nilifumba macho. Nikamwona yule mzee wa karakana ya reli akipita na nyundo yake ya mpini mrefu, anagonga magurudumu ya mabehewa moja baada ya jingine asikie lipi lina ufa, na sisi wawili tumekaa kando ya njia tunatafuna miwa, tunabishana lipi litalia vibaya. Nilisimama pale muda nisioujua. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imekatika na fundi alikuwa ananitazama.

"Mzee unatafuta baiskeli?" akauliza.

"Natafuta ya kaka yangu," nikamjibu, na nikashangaa kusikia nimesema hivyo.

Unajua ni ipi. Mwaka ule tulipofukuzwa Katanga, sisi tuliotoka Kasai, tulilala stesheni wiki nyingi tukingoja behewa. Wewe shemeji zako wa Mulongo walikuja kukuchukua, wakakuficha kwao kwa wavuvi, kwa kuwa ulimwoa dada yao Numbi. Lakini kabla ya kwenda ulimpakia Mama kwenye keria ya kinga yako, ile baiskeli nzito, ukamsukuma kutoka nyumbani hadi stesheni, na treni ilipofika ukamnyanyua Mama ndani ya behewa, halafu ukanyanyua na kinga. Watu wakapiga kelele. "Bantu banakosa nafasi ya kusimama, weye unapandisha kinga?" Ukawaambia, "Huyu mama hana miguu. Kinga njo miguu yake." Nami niliishika juu ya kichwa changu hadi Mwene-Ditu, kwa zamu na jirani ambaye alinitukana njia nzima na hakuacha kunisaidia.

Sikukuambia mwisho wa kinga ile. Ilimpeleka Mama zahanati na kanisani hadi siku zake zilipokwisha. Masika yaliyofuata ikakatika pale chini ya kiti, bomba linapokutana na bomba. Nikamwachia fundi mmoja wa chuma, na sikurudi kuuliza. Wewe hukuuliza hata siku moja. Kama ungeuliza, ningepumzika.

Basi nikamweleza Pieter. Nikamwambia pia juu ya ile picha uliyoikata gazetini ukaibandika juu ya kitanda kwa bukari, ugali wetu, baiskeli ya mbio yenye usukani kama pembe za kondoo, na panya wakala bukari, picha ikaanguka, ukaibandika tena. Nikamwambia ulivyowashinda vijana wote wa reli kwenye njia ya Kaniama kwa kinga nzito ya kubebea mihogo, ukafika unaimba. Hakucheka. Alivuta kiti, akachukua daftari, akaanza kuuliza maswali kama daktari. Mguu upi mrefu? Aliwahi kuvunjika mfupa? Akipanda, mgongo anaulaza au anauinua? Mikono ina nguvu bado?

Nilijibu mengi kwa haraka. Mfupa wa bega la kushoto, alianguka penye njia ya treni. Magoti huyatoa nje kidogo. Halafu akauliza, "Hivyo ndivyo alivyo leo?"

Yaya, niligundua kwamba namjua mtu wa miaka arobaini aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni, shati limelowa jasho. Wewe wa leo sikujui. Sijui kama umeinama. Sijui kama kiuno chako bado kinapita mlango wa jikoni bila kugeuka upande. Kwenye simu una sauti ileile, na sauti haina urefu.

"Bila mwili wake siwezi kukata hata bomba moja," Pieter akasema. "Nikikata nimekata. Chuma hiki hakirefushwi." Akanionyesha jinsi anavyofanya: ncha za mabomba huzikwangua kwa tupa mpaka zikumbatiane bila nafasi ya kupitisha hata unywele, kisha huyeyusha shaba ya manjano kwa moto wa gesi, na shaba inakimbilia yenyewe ndani ya kiungo. Niliitazama ikiingia. Nikawaza kwamba huenda sehemu yake ilitoka kwetu Katanga kabla sijazaliwa, nayo imezoea huku kuliko mimi.

Tulibishana jambo moja tu. Nilitaka matundu ya kufungia keria. Akasema, "Baiskeli ya mbio haina keria. Ni kama kumfunga farasi wa mashindano kwenye mkokoteni." Nikasema ni ya kumbebea Mama. "Mama yenu yuko wapi?" Nikamwambia amezikwa Mwene-Ditu. Akainamisha kichwa, akachora matundu mawili madogo kwenye karatasi yake, na hakulitaja tena.

Sasa nafika kwenye kosa. Wewe unanijua, nilikuwa karani wa mizigo, naogopa namba inayosemwa kwenye simu inayokatika. Futi za sokoni nazo ncha zake huwa zimeliwa. Nikawaza: kamba haidanganyi. Nikamwagiza Kapinga: "Msimamishe baba yako ukutani, mpime kwa kamba toka kisigino, funga mafundo, unitumie." Nilijiona mwerevu. Nililala nikiota unapanda mlima wa huku, ukungu wa mto umekufika kwenye magurudumu kama ule wa mabwawa ya Upemba asubuhi, kwa hiyo baiskeli haionekani, unaonekana wewe tu, umekaa juu ya weupe, unakwenda.

Siku ya pili Kapinga ananipigia analia na kucheka kwa pamoja. Kwamba ulipoiona kamba ulisimama, ukatoka nje bila viatu. Kwamba shemeji Numbi alimpokonya akaitupa jikoni motoni akisema, "Banapima muntu mwenye anapumua? Ngoyi amekuwa Muzungu kabisa! Anaagiza sanduku la kuzikia yaya yake ku Mputu, kwa Bazungu!" Kwamba kabla ya jua kugeuka mtaa mzima ulijua, na akina mama wa kanisa wakaja na mikeka yao ya matanga na nyimbo zao, wakakukuta umekaa unakula ndizi, wakaona aibu kurudi bila kuimba, wakaimba beti mbili.

Nilicheka, Yaya. Nisamehe. Kisha kicheko kikaisha.

Kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kamba ya Mama. Seremala alikuja Mwene-Ditu na kamba mfukoni, kama maseremala wetu wote wanavyoingia kwenye nyumba ya msiba, maana nani ataingia na futi na penseli mbele ya wafiwa? Akanipa upande wa kisigino, yeye akashika upande wa kichwa, akafunga fundo moja, akaondoka bila kuaga. Nilikuwapo. Niliishika kwa vidole hivi ninavyoandikia. Na miaka mingi baadaye nikaagiza kamba iende nyumbani kwako, kwenye kisigino chako, bila moyo kunishtuka hata kidogo. Nimeogopa siku zote kwamba huku nitasahau lugha. Lugha ninayo. Kumbe kilichotoka ni kile kinachomzuia mtu mkono kabla hajafikiri.

Hilo ndilo ninaloliombea radhi. Siombi radhi kwa sababu ya baiskeli.

Lakini baiskeli inangoja. Kapinga amekuja kwako na futi ya fundi nguo, umekataa. Amekuja na suruali yako kuukuu aipime hiyo, umemnyang'anya suruali. "Hata kitambaa changu hawapimi." Nakuelewa. Ila Pieter ana watu wengi kwenye foleni. Zamu yetu ni hii. Akimaliza fremu aliyoishika sasa, na vipimo vyako havijafika, anamwanzia mwingine na sisi tunarudi nyuma miaka miwili. Wewe una miaka sabini na minne. Mimi nakufuata. Miaka miwili siwezi kuisema kama alivyoisema yeye, kama mtu anayetaja vituo viwili vya basi.

Nilimweleza yote. Alifikiri, akifuta mikono yake kwa kitambaa. Nikamwambia, "Nipime mimi." Akasema fremu si yangu. Nikamwambia, "Nipime. Kwa kamba."

Nikavua viatu, nikasimama ukutani kwake, kati ya mabomba. Pieter akapiga goti, mzee kama mimi, akabana ncha ya kamba chini ya kisigino changu. Moyo ulipiga, sikufichi. Nilisikia ubaridi wa sakafu ukipanda. Niliwaza: basi ndivyo Mama alivyosikia, au hakusikia. Akafunga mafundo matatu, nikavaa viatu, na bado nilikuwa hai. Tulikunywa kahawa.

Sasa kifungue. Kamba hiyo ni mimi. Mwanzo wake una uzi mwekundu, hapo ndipo kisigino. Fundo la kwanza ni la mkono: ukiuweka uzi mwekundu kwenye mfupa wa bega, fundo hilo linafika kwenye ngumi yangu. La pili, toka kisigino, ni mapaja yanapokutana. La tatu ni kishimo cha koo. Hakuna mtu atakayekupima, Yaya. Wewe ndiye utakayenipima mimi. Simama, shika kamba kwa mkono wako mwenyewe, umwangalie mdogo wako amefika wapi. Kisha mwambie Kapinga: Ngoyi amenizidi vidole viwili hapa, ninamzidi kidole kimoja pale. Basi. Pieter amekubali vidole. Babu yake alipima kwa dole gumba na baiskeli zake zilikwenda. Na ukimkuta mdogo wako amekuwa mfupi kuliko ulivyomwacha, mcheke, una haki.

Kama kamba inaita kitu, imekwisha kuniita mimi kwanza. Tulipokuwa wadogo dawa chungu niliionja mimi kabla yako, kwa sababu wewe ulikuwa mwoga. Hili usikatae, Mama alikuwa shahidi.

Ukishamaliza usiichome. Shemeji Numbi asiipate. Itundike pale juu ya kitanda ilipokuwa picha yako, kwa bukari ukitaka. Siku yangu ikifika, wa huku watanipima kwa namba zao na kunizika wanapozika. Lakini urefu wangu wote, toka kisigino hadi koo, utakuwa umerudi Kamina.

Nisalimie shemeji Numbi, mwambie sikuagiza sanduku. Nisalimie Kapinga, mwambie ni mjumbe mwema aliyetumwa na mjinga. Wasalimie shemeji zako wa Mulongo, wale waliokuficha, na akina mama wa kanisa: beti zilizobaki waziweke, wataziimba unapopita njia ya Kaniama. Mtawa anayebeba barua hii atakaa kwenu siku tatu. Mpe jibu lako kwa mdomo, hata neno moja la vidole.

Mdogo wako, wa urefu wa kamba hii,

Ngoyi