Udongo wa Samaki Wako

Mama yangu,

Unakumbuka siku Baba alipokuja amebeba lile tangi la kioo? Mzungu ambaye Baba alikuwa mpishi wake alikuwa ameuza shamba akarudi kwao, na kati ya vitu vyote alivyoacha, Baba akachagua tangi na samaki sita wadogo wekundu ndani ya ndoo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tulikuwa na mwezi mmoja tu kwenye shamba letu la hisa, tulilonunua kwa kuchanga na wenzetu, hapa Eldoret, nyumba haina hata dirisha, na sisi tuna samaki. Majirani walikuja kutazama, wakauliza kwa uso uliokunjana kama tunakusudia kuwala, maana kwetu wakati ule samaki hakuwa chakula.

Mlibishania kitu cha kuweka chini ya tangi. Baba alitaka kokoto za reli. Ukamwambia zitawakwaruza matumbo. Basi mchanga wa mto Sosiani, akasema. Ukamwambia mchanga mtupu hauoti kitu, nawe ulitaka majani mle ndani, kama bwawani.

"Weka udongo, halafu ufunike na mchanga uliooshwa."

"Udongo gani?"

"Huu ninaokula mimi. Kama unamfaa mtoto tumboni, samaki ni nani?"

Mimba ilikuwa ya miezi sita, na hamu ya udongo ilikuwa imekushika kuliko katika mimba zako zote. Ulitaka wa kile kichuguu cha mpakani, upande wa Kaptagat, na kila baada ya siku mbili ulinituma na kikapu. "Usiniletee wa mahali pengine. Ulimi wangu unajua."

Haukujua, Mama. Kichuguu kilikuwa mbali na umande ulinichoma miguu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mvivu, tena mjanja wa kijinga. Nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe aliloacha mzungu shambani kwetu, pale walipokuwa wakimwaga maji ya dawa ya kupe, kulikuwa na udongo laini wa rangi ileile. Tulikuwa tumekatazwa hata kucheza hapo. Nilichimba hapo wiki mbili. Nilizurura kidogo ili muda upite, kisha nikarudi nikijifanya nahema. Ulinishukuru kila mara.

Udongo huohuo ndio uliotandaza kwenye tangi kwa mikono yako, unene wa vidole viwili. Siku ya tatu samaki wote walikuwa wanaelea. Baba alilaumu maji, wewe ukalaumu baridi. Mimi nilijua. Usidhani sikujua. Lakini kusema kungekuwa kukiri nilikudanganya, na mkono wako ulikuwa mwepesi. Niliogopa kofi. Nikaanza kwenda kichuguuni kweli, nikajiambia yamekwisha. Debe lililokuwa chini ya kitanda chako bado lilikuwa na nusu ya udongo ule wa joshoni, na sikulimwaga.

Ukaanza kutapika. Halafu nyayo zikafa ganzi, ukawa unaniuliza kama umevaa viatu. Tulikupeleka hospitali ya misheni pale Plateau kwa mkokoteni wa ng'ombe, na tukakurudisha kwa huohuo, wewe na mtoto.

Miaka mingi baadaye afisa wa mifugo alituambia tuzungushie ua pale nyuma ya josho, kwamba ile dawa haitoki ardhini, hata ng'ombe asilambe. Baba aliitikia tu, akaenda kutafuta waya. Hakuunganisha hilo na kifo chako.

Hakuoa tena. Alishikilia kwamba ni baridi ya huku iliyokuua, na kwamba tamaa yake ya shamba ndiyo iliyokuleta. "Nilidhani nanunua shamba," alikuwa akisema, "kumbe namnunulia mama yako kaburi." Nilimsikia akisema hivyo miaka yote, huku nikimwekea chai.

Wiki iliyopita, akiwa hoi kitandani, alinishika mkono akaniuliza kama namlaumu kwa kifo chako. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba."

Akalia kwa kushukuru. Asubuhi yake akafa.

Sasa yuko huko nawe. Mwambie wewe, Mama. Mimi nilishindwa.

Kwaheri,
Kifungua mimba wako